Kununua chombo cha uvuvi kilichotumika: nenda siku ya bamvua, na pesa ziache nyumbani

Kaskazi ikishaanza kuvuma utaona tu vijana madikoni, pale vyombo vinapoegeshwa, wanaulizana nani anauza chombo. Pesa imepatikana, mwengine kauza karafuu, mwengine kikundi chao cha kuweka na kukopa kimemtoa, mwengine kaka yake kamtumia kutoka Oman, na kila mtu anataka kuwahi msimu. Hapo ndipo pesa inapotoka haraka haraka na ubovu wa chombo unakuja kujulikana huko nje baharini. Naandika haya kwa sababu chombo kibovu hakili pesa yako tu, kinapakia watoto wa watu. Baharia anapanda kwa kuwa anakuamini wewe tajiri, yeye hakuzigonga mbao wala hakuifungua mashine, wewe ndie uliepata nafasi ya kuangalia kabla.

Neno langu kubwa ni moja. Chombo kikague siku nzima ya bamvua, ukione kikiwa kikavu, ukione kikielea, alafu ukione kikiwa na mzigo. Ukikiona katika hali moja tu hujakiona. Kwetu hapa Zanzibar bahari inatusaidia sana maana siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanapanda na kushuka kama mita 4 hivi, yanapwa kabisa kama saa nne asubuhi na yanajaa kama saa kumi jioni. Kwahiyo ukifika dikoni saa tatu unakikuta chombo kimelala mchangani, tumbo lote nje, mkuku, ule mti mkubwa wa chini kwa urefu wa chombo, unauona, na jioni chombo hicho hicho kinaelea mbele yako. Huhitaji kulipa mtu akivute juu. Wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, hutopata hivo, chombo kitakuwa nusu kwenye maji nusu juu na muuzaji atakwambia huko chini kuzuri tu. Muuzaji akikataa siku nzima, akakwambia njoo usiku au njoo tumalize leo leo kuna mteja mwengine anatoka Tanga, muage kwa heshima uondoke.

Ila hata kabla ya kwenda, jiulize unataka kuvua wapi na kwa mtego gani, maana chombo kizuri cha Wesha, Pemba, kinaweza kuwa chombo kibaya cha Jambiani. Upande wa mashariki wa Unguja, Paje, Jambiani, Makunduchi huko, ndani ya mwamba maji yakipwa ni machache mno, chombo kinakaa chini mara mbili kwa siku kila siku, unataka kitu chepesi chenye tumbo la kukaa vizuri mchangani, ndio maana ngalawa na dau hazijafa huko. Ukitaka kurambaza jodari na nduaro mkondo wa Pemba, huko kina ni kirefu sana na mkondo unavuta kaskazini muda wote, hapo unataka chombo chenye ubavu wa juu, omo, ile pua ya mbele, ya kupasua wimbi, na mashine unayoiamini. Mwenye madema, ile mitego ya kusuka, hana haja na chombo kikubwa. Wa ringi neti anataka nafasi ya nyavu, watu wengi, jenereta na taa, na dagaa wakiingia uzito wake sio mchezo. Kwahiyo usinunue kwa sababu bei imeshuka tu, chombo cha rahisi kisichokufaa ni ghali.

Na chukua fundi. Fundi wako wewe, sio fundi aliekijenga wala anaekitengeneza kila siku, yule ana rafiki yake pale na hatosema yote mbele ya muuzaji. Mafundi wa vyombo wapo, Nungwi wapo tele na Pemba pia, mpe pesa yake ya siku na nauli, mpe na chai. Kiasi utakachomlipa ni kidogo ukilinganisha na kubadilisha ubao mmoja tu wa chini.

Haya, umefika, chombo kimelala. Usianze kwa kupanda ndani. Nenda kasimame mbele ya omo, rudi nyuma hatua kadhaa, tizama mkuku wote mpaka tezi kule nyuma. Uko sawa au umenyanyuka katikati na ncha mbili zimeshuka? Chombo kilichozeeka hupinda mgongo, na kilichokaa miaka kwenye mchanga usio sawa pia. Kama jicho halikuridhishi, funga uzi kutoka omo mpaka tezi chini ya mkuku uuvute ukaze, uzi hausemi uongo. Kupinda kidogo kwa chombo kikongwe unaweza kuishi nako, lakini kikipinda sana maana yake viungo vyote vimelegea, utakalafati leo, yaani kuziba viungo kwa pamba, na wiki ijayo pamba imetoka tena, mbao zinacheza. Alafu zunguka upande wa pili ulinganishe mbavu mbili, ubavu wa kulia ukiwa na tumbo na wa kushoto umenyooka, kiligongwa au kilijengwa vibaya, na chombo cha namna hiyo kinakwenda upande.

Mkuku wenyewe uangalie kwa chini umelika kiasi gani. Vyombo vyetu vinaburutwa kwenye mchanga na mawe kila siku, sehemu ya chini inaliwa. Wengine wanapigilia ubao wa kulika chini ya mkuku na ukimalizika wanaweka mwengine, hiyo ni dalili ya mwenye chombo anaejali. Ukikuta mkuku wenyewe ndio umelika mpaka vichwa vya misumari vinaonekana, hapo hesabu imebadilika.

Sasa toa kisu kidogo au bisibisi, na nyundo. Omba ruhusa kwanza, ni adabu, ila usikubali kukatazwa. Gonga kila ubao kwa mpini wa nyundo taratibu kutoka juu mpaka chini, ubao mzima unaitika sauti kali, uliooza unaitika sauti nzito iliyokufa. Ukisikia sauti imebadilika, choma na ncha ya kisu. Kisu kikiingia bila kusukumwa sana, pale hapana ubao tena. Watu wanadhani maji ya chumvi ndio yanayoozesha, sio, mbao inaoza zaidi kwa maji ya mvua yaliyotuama. Kwahiyo pa kuchokonoa ni ndani na juu, vichwa vya mataruma, ile miti ya ndani inayoshika mbao za ubavu, pale yanapokutana na ukingo, chini ya vibao vya kukalia, pembe za tezi, chini ya sakafu upande wa nyuma ambako maji ya mvua hukusanyika. Chombo kilichoachwa wazi masika nzima bila kufunikwa wala kutolewa maji kinaoza kutokea ndani, na nje kinang'aa rangi mpya.

Chini nako kuna adui mwengine, wale wadudu wa bahari wanaotoboa mbao. Tundu lao la kuingilia ni dogo sana, ncha ya pini, lakini ndani wanachimba njia pana na ubao unabaki ganda tupu. Hao hawaonekani chini ya rangi. Kwangua rangi kidogo karibu na mkuku na sehemu ambayo huwa ndani ya maji muda wote, tafuta vitundu, ukiviona gonga na choma pale pale. Muulize muuzaji mara ya mwisho chombo kimechomwa lini tumboni kwa moto wa makuti kuwaua hao wadudu na kupakwa dawa ya chini, muulize kama mazungumzo tu. Mwenye kutunza chombo chake atakwambia bila ya kufikiri, pengine atakutajia na mwezi na nani alimsaidia. Anaebabaika hakukichoma.

Misumari: tizama mistari ya kutu inayoteremka kwenye mbao. Moja mbili sio neno. Zikiwa nyingi, kila kichwa cha msumari kinatoa kutu na mbao pembeni yake imekuwa nyeusi na laini, basi misumari imekwisha, na ubao haushikwi na kitu ila mazoea. Jaribu kuutikisa. Kupigilia misumari mipya pembeni ya tundu bovu ni kazi ya muda mfupi, maana mbao yenyewe imeshaharibika pale. Uliza kama misumari ni ya chuma kitupu au ya chuma kilichopakwa zinki, ya zinki inakaa zaidi. Uliza na mbao ni za mti gani, mvule, mtondoo, mbambakofi hizo ni mbao za kudumu, mwembe unafanya kazi na vyombo vingi vimejengwa kwa mwembe ila unataka matunzo zaidi na umri wake ni mfupi. Mara nyingi utakuta mchanganyiko, mkuku na mataruma mti mwengine na ubavu mti mwengine, hilo halina ubaya.

Mataruma yahesabu yale yaliyopasuka. Taruma lililopasuka likawekewa jengine ubavuni mwake ni matengenezo ya halali. Mataruma matatu yamepasuka kwenye mstari mmoja, hicho chombo kilipiga mwamba, na lazima uulize kisa chake.

Kalafati nayo. Pitisha kidole kwenye viungo. Pamba iwe imeingia ndani na imefunikwa vizuri, isiwe inaning'inia wala isiwe imekauka inachomoka kwa ukucha. Sasa hapa sikiliza vizuri: chombo kilichokalafatiwa chote jana na kupakwa rangi jana sio lazima kiwe kizuri, mie binafsi nakiogopa zaidi kuliko kile kichafu kilichorudi baharini leo asubuhi na magamba ya samaki bado yamo ndani. Chombo kinachofanya kazi kila siku kinaonesha kila kitu. Rangi mpya inaficha. Ukikuta rangi mbichi, kwangua sehemu nyingi zaidi, na uliza kwanini kimepumzishwa.

Kama ni ngalawa, mambo ni mepesi zaidi, ila tizama ufa wa gogo lenyewe kwa urefu, viraka vya bati vilivyopigiliwa, na zile fito za pembeni na kamba zake, fito zikioza ngalawa inapinduka hata gogo likiwa zima.

Boti za faiba siku hizi zimejaa, na watu wanasema ati faiba haiozi. Faiba yenyewe haiozi ila ndani yake wameweka mbao, na mbao inaoza. Shetri ndio pa kwanza, ule ubao wa nyuma. Pale mashine inapofungwa, katikati ya tabaka mbili za faiba kuna plaiwudi, maji yakiingia kwenye matundu ya bolti ile plaiwudi inakuwa uji na wewe kwa nje unaona shetri safi. Nyanyua mashine iwe imeinama, shika sehemu ya chini kabisa uinyanyue na kuisukuma chini kwa nguvu, huku mwenzako anatizama shetri. Shetri ikicheza, ikitoa nyufa kwenye pembe, au maji ya rangi ya kahawia yakichuruzika kwenye bolti, imeoza. Kuibadilisha ni kazi kubwa, na isipobadilishwa mashine ya mamilioni inaweza kung'oka ikazama.

Alafu gonga boti yote kwa sarafu, kama unavyogonga dafu kujua lina nyama au maji. Sauti kali sawa, sauti ya bubu maana yake tabaka za faiba zimeachana. Nyufa ndogo ndogo za juu juu kwenye rangi zipo karibu kila boti, usiumie nazo, ila nyufa zinazotawanyika kutoka sehemu moja ni pigo, ingia ndani utizame upande wa pili wa pale pale. Viraka sio aibu, kiraka kizuri kimesuguliwa kikaingiliana, kiraka kibaya kimebandikwa juu na kingo zake zinainuka. Kanyaga sakafu yote kwa kisigino, ikibonyea kuna maji chini yake. Boti nyingine zina foma chini ya sakafu, ile foma ikinyonya maji boti inakuwa nzito na inakaa chini kuliko ilivyotakiwa, hilo utaliona maji yakijaa.

Kuna na aina ya tatu, chombo cha mbao kilichovishwa faiba juu. Hapo kuwa mkali kabisa. Kikivishwa kikiwa kipya na kikavu kinadumu, lakini wengi wanavisha chombo kilichochoka ili kizibe maji, na mbao inaendelea kuoza kimya kimya ndani ya gamba. Ukaguzi ufanye kutokea ndani, mataruma na upande wa ndani wa mbao, na ukiona faiba inaachana na mbao hata sehemu ndogo kwa ukingoni, jua maji yamo. Mie kwa ushauri wangu mtu mwenye pesa kidogo asinunue chombo cha namna hiyo mpaka ajue nani alikivisha na kwanini.

Sasa maji bado yako mbali, saa tano saa sita hizi, ndio muda wa mashine. Mashine mara nyingi inakula pesa kuliko chombo chenyewe, kwahiyo itenge kwenye bei, uambiwe chombo kiasi gani na mashine kiasi gani, wala usikubali bei ya jumla tu. Unaweza kutaka chombo bila mashine.

Kabla haijawashwa weka mkono juu yake. Iwe baridi. Ukikuta ya moto jamaa kaiwasha kabla hujafika, na matatizo ya mashine nyingi yanaonekana zikiwashwa baridi. Mwambie utasubiri ipoe. Fungua kifuniko, tizama kutu, chumvi iliyoganda, nyaya zilizoungwa kwa nailoni, mafuta yanayovuja. Toa plagi, kila plagi ikae karibu na tundu ilikotoka uzilinganishe, zote ziwe na rangi ya kahawia inayofanana. Moja ikiwa nyeusi imelowa na nyengine nyeupe, silinda hazifanyi kazi sawa. Fundi akiwa na kipimo cha kompresheni ndio bora, silinda zote zipimwe, namba zisipishane sana, tofauti ikizidi kama asilimia 10 kuna kitu.

Oili ya gia chini kule, legeza skrubu ya chini kidogo tu utoe tone. Ikiwa nyeusi ni ya zamani, ibadilishwe. Ikiwa nyeupe ya maziwa, maji yanaingia, sili zimekufa, na ikiendelea hivo gia zinaliwa. Zungusha pangaboi, ile feni ya kusukuma maji, kwa mkono utizame kama shafti yake imenyooka, maana huku kwetu miamba ipo kila pahala na pangaboi iliyogonga huwa inakuja na shafti iliyopinda.

Pima urefu wa shafti na shetri ya chombo. Kuna shafti fupi, shetri ya inchi 15, na shafti ndefu, inchi 20. Nimeona watu wanapewa chombo na mashine zisizolingana kwa vile muuzaji kaviunganisha ili auze. Shafti fupi kwenye shetri ndefu, pangaboi inakamata hewa kila wimbi likipita, na shafti ndefu kwenye shetri fupi inaburuta na kula mafuta.

Na namba ya mashine. Ipo kwenye kibati pale mashine inapobana shetri, na mara nyingi kwenye bloku pia. Kibati kikiwa kimeng'olewa, kimesuguliwa au kimepakwa rangi juu, simama hapo hapo. Mashine zinaibiwa, mvuvi mwenzako analia mahala, na ukikutwa nayo wewe ndie wa kujieleza polisi. Taka risiti ya kununulia au hati ya mauziano ya mwanzo, namba zifanane.

Waulize pia wanachanganya vipi mafuta. Mashine nyingi za tu-stroki za kuchanganya kwa mkono ni lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, ila kila moja na maelekezo yake. Ukimsikia nahodha anasema tunakisia tu kwa jicho, au wanatia oili yoyote inayopatikana dukani, hiyo mashine imepata tabu. Na waulize kama inasafishwa kwa maji baridi ya mfereji baada ya kazi. Madiko mengi hayana mfereji karibu, lakini wapo wanaobeba dumu la maji na wapo wasiojali, na chumvi haisamehi.

Kama ni dizeli ya ndani, tizama pale shafti inapotokea nje ya chombo, tone moja moja sio tatizo, mchirizi ni tatizo. Moshi mweusi kidogo ukivuta gesi wakati wa mzigo haushangazi, wa buluu muda wote inachoma oili, mweupe usiokwisha hata ikipata moto ni dalili mbaya pia.

Maji yanarudi. Toa maji yote ya ngama, yale yaliyokusanyika chini ndani ya chombo, kausha kwa tambara mpaka uone mbao, na ukae ndani usubiri. Hii ndio sehemu watu wanairuka kwa kuwa jua kali na wamechoka, na ndio yenye faida kuliko zote. Unaona kwa macho yako maji yanaingilia wapi, kiungo gani, msumari gani. Weka alama kwa chaki.

Ila kuwa muadilifu katika kuhukumu. Chombo cha mbao kilichokaa juu kavu wiki nyingi mbao zake zimesinyaa, kikiingia majini siku ya kwanza lazima kinywe, mbao zikishiba maji zinavimba na viungo vinajifunga. Chombo cha hivo kiombee kikae majini siku mbili tatu ndio urudi, na ukikuta bado watu wanafua maji asubuhi na jioni, basi ni kibovu. Lakini chombo kinachokwenda baharini kila siku hakina udhuru huo, kikivuja leo kitavuja na kesho. Unyevu kidogo wa kawaida upo kwa chombo chochote cha mbao. Kipimo changu ni hiki, kama baharia mmoja lazima kazi yake safari nzima iwe kufua maji, hicho sio chombo cha kuvulia.

Kikishaelea simama mbali utizame kinakaa vipi. Kimeinama upande? Tezi imezama mno? Boti ya faiba ikikaa chini ya mstari wake wa rangi wa zamani, ile foma imenyonya.

Alafu mtoke. Usijaribu chombo kitupu mbele ya diko, watu wawili mkizunguka boya na kurudi, hata kibovu kinapita. Pakieni watu watano sita, na mifuko ya mchanga au madumu ya maji, uzito unaokaribia wa kazi yako. Mashine ivute kamba mara ya kwanza ikiwa baridi, ikihitaji kuvutwa mpaka jasho uliza. Tizama inavyokojoa, ile maji ya kupoza iwe inatoka mfululizo kwa nguvu, isipotoka zima mara moja. Iwache iunguruke taratibu bila gesi dakika kadhaa, itie gia mbele na nyuma, alafu ipe gesi yote kwa muda wa kutosha, sio sekunde kumi. Kuna na mashine yenye ugonjwa ambayo huwa nzuri dakika za mwanzo, ikipata moto ndio inaanza kukohoa na kuishiwa nguvu. Zima ikiwa ya moto, subiri kidogo, iwashe tena. Kata kona kali pande zote mbili. Weka chombo ubavu kwa wimbi uone kinarudi vipi. Na wakati huo mwenzako awe ameinamisha kichwa chini anatizama mbao na mataruma, maana mwendo na wimbi vinafungua viungo ambavyo vikiwa vimetulia vimefunga. Kama kina tanga, lipandishwe, foromali, ule mti unaobeba tanga, na mlingoti vikaguliwe pale kamba zinaposugua.

Vitu vinavyokuja na chombo usivihesabu kuwa ni zawadi. Nanga na amari yake, yaani kamba ya nanga, ndefu ya kutosha, makasia, maboya ya kuvaa kwa idadi ya watu, tenki na bomba la mafuta. Nyavu zikunjue zote, usiangalie rundo la juu. Na kama ndani ya mauzo kuna juya la kukokota, ule wavu wa kuburuta, lisikuvutie, ni mtego uliokatazwa, na ukikamatwa nalo unaweza kupoteza zaidi ya hilo juya.

Sasa tuje kwa mwenyewe. Anaekuuzia ndie mwenye chombo? Kwetu chombo kimoja kinaweza kuwa na watu wengi ndani yake, tajiri wa chombo mtu, wa mashine mtu, wa nyavu mtu, ndio maana hata mgao kila kimoja kina fungu lake. Nahodha anaekuonesha chombo kwa kujiamini anaweza asimiliki hata msumari. Mzee akifariki chombo ni mirathi, kijana mkubwa hawezi kukuuzia peke yake, warithi wote wana haki yao wakiwemo mama na dada zake, na wao ndio wanaosahaulika. Taka warithi wote waridhie kwa maandishi, vyenginevyo unanunua kesi na pia unakula haki ya watu. Na zile boti za mkopo walizopewa vikundi kwenye mambo ya uchumi wa buluu, nenda kaulize kwanza kikundi chenyewe na waliowakopesha kama mkopo umekwisha na kama kinaruhusiwa kuuza.

Pa kuulizia ni rahisi. Bwana diko, msimamizi wa diko, anavijua vyombo vya diko lake, nani mwenyewe, kinavua au kimelala, kina kesi au hakina. Sheha nae, kiongozi wa serikali wa mtaa. Wazee wa diko pia, kaa nao kwenye kivuli unywe kahawa, usiulize moja kwa moja, sema tu nimekuja kutizama chombo cha fulani, na usikilize. Wakinyamaza wote hiyo ni habari.

Karatasi: usajili wa chombo upo kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, ZMA, na leseni ya uvuvi kwa watu wa uvuvi, wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi nambari 7 ya 2010. Jina la chombo na namba iliyoandikwa ubavuni zifanane na cheti, na jina la kwenye cheti liwe la huyo anaekuuzia. Tizama leseni ya mwisho ni ya lini, kama kuna miaka haikulipwa muulize nani atabeba.

Bei ipange mwisho, ukishakuwa na orodha yako ya chaki. Fundi akupe hesabu ya kila kitu, ubao kiasi gani, pamba na kazi ya kalafati, sili za gia, uiweke mbele ya muuzaji bila ya kumvunjia heshima, umwambie mzee chombo nimekipenda na haya ndio nitakayoyatengeneza. Muuzaji muungwana atapunguza. Arubuni usitoe mpaka umemaliza kutizama na karatasi, na ukiitoa iandikwe, kiasi gani, inarudi au hairudi na kwa sharti gani. Malipo yapite benki au kwa simu ili yaache alama, au mbele ya mashahidi. Hati ya mauziano iandikwe kwa sheha, mashahidi wa pande mbili, itaje chombo kwa jina na namba, mashine kwa namba yake, na kila kilichomo ndani.

Siku hiyo hiyo au kesho yake anza kubadilisha jina la usajili na leseni, na muuzaji aende nawe ofisini kabla hajapokea pesa ya mwisho. Bakisha kitu mpaka jina libadilike. Usikitume chombo dago, kambi ya uvuvi ya mbali, wala usivuke nacho baina ya Unguja na Pemba kikiwa bado jina la mtu mwengine, KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wakikusimamisha huko katikati hutokuwa na la kuwaonesha.